Kupima maji ya bahari pekee hakutatuambia kilichomo ndani ya samaki wetu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi wakazi wa Malindi pamoja na ndugu zetu wa Lamu, ambao kitoweo chetu cha kila siku hutoka baharini na mikokoni. Kila mvua kubwa inaponyesha bara, mto Sabaki hushuka ukiwa mwekundu, na maji ya ufuo wetu hugeuka rangi ya udongo. Hapo watu huanza kuulizana kama maji hayo yana sumu, na wengi hudai wataalamu waje wayapime. Dai hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwa kuwa maji yanaweza kupimwa leo yakaonekana salama, ilhali samaki aliyekulia ndani ya maji hayo hayo amebeba zebaki ya kutosha kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mamaye.

Sabaki ndio mto uleule unaoitwa Athi huko juu na Galana unapopita Tsavo. Mto Nairobi huingia ndani yake baada ya kupita kando ya viwanda na kando ya jaa la Dandora, mahali ambapo uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 na kukuta kwamba nusu yao walikuwa na risasi, ile metali yenye sumu, damuni kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati ule. Sidai kwamba risasi ya Dandora yote hufika Malindi, maana mto ni mrefu na sehemu kubwa ya mzigo wake huachwa njiani. Ninalosema ni kwamba kinachotupwa bara kimepata njia ya kufika pwani. Tena uchafu wa aina hii haufanani na ule wa chooni, ambao jua, chumvi na bakteria huumaliza baada ya muda. Zebaki, risasi na kadimiamu ni elementi: haziozi wala hazivunjiki, na zinaweza kubadili umbo na mahali zilipo bila kupungua hata chembe.

Metali nyingi husafiri zikiwa zimenata kwenye chembechembe za udongo laini na mabaki ya mimea. Maji matamu ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, chembechembe hizo hushikamana, huwa nzito na kuzama, na ndiyo sababu midomo ya mito na vichaka vya mikoko hujaa tope. Upepo nao huamua tope hilo litue wapi. Wakati wa kaskazi, maji ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea mjini na kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Kusi ikivuma, huelekea upande wa Mambrui na Ngomeni.

Mtu yeyote anaweza kujionea mwenyewe mahali ambapo mambo huanza kuharibika. Ingia mikokoni kule Mida maji yakiwa yamekupwa, uchimbe kwa kiganja katikati ya mizizi. Juu utakuta tabaka jembamba la tope la kahawia, na chini yake, kina cha kidole au pungufu, tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Weusi ule na harufu ile ni dalili kwamba oksijeni imekwisha. Wanaoishi humo ni bakteria wanaotumia salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo tele, mahali pa oksijeni, na wakishaitumia hutoa salfidi yenye harufu hiyo. Baadhi ya bakteria hao wakikutana na zebaki huigeuza kuwa zebaki ya methili, yaani zebaki iliyofungamana na kaboni, na wanasayansi walizitambua jeni mbili zinazoifanya kazi hiyo mwaka 2013.

Salfidi hiyo hiyo, hata hivyo, ina faida ambayo haina budi kutajwa. Huzishika kadimiamu, risasi, shaba na zinki na kuzifungia topeni zisiyeyuke. Kwa hiyo tope la mikoko linafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linaziweka metali nyingi mbali na vinywa vya viumbe, na papo hapo linatengeneza aina ya zebaki iliyo ya hatari zaidi katika chakula. Asije mtu akasema basi mikoko ikatwe. Mikoko ikikatwa, au tope likifukuliwa na mashine, oksijeni huingia, salfidi huharibika, na metali zilizokuwa zimefungiwa kwa miaka mingi huachiliwa majini kwa mkupuo.

Zebaki ya methili hupenya kwa urahisi kwenye seli, hushikamana na salfa iliyomo ndani ya protini, na viumbe huitoa mwilini polepole sana. Vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho huifyonza mpaka kiasi kilichomo ndani yao kikawa mara elfu kumi, mara laki moja au zaidi ya kile kilichomo katika maji yanayovizunguka. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoeleza kwa nini chupa ya maji inaweza kupelekwa maabara isionyeshe lolote la kutisha. Vijidudu vya majini hula vijimea hivyo, dagaa na kamba wadogo hula vijidudu, kolekole na mzia hula dagaa, na papa huwala hao wote. Katika kila hatua kiasi huongezeka mara kadhaa, kwa sababu katika maisha yake mlaji hula nyama nyingi kupita uzito wa mwili wake mwenyewe, na karibu zebaki yote ya methili iliyokuwemo hubaki naye. Katika maji, zebaki ya methili ni sehemu ndogo ya zebaki yote iliyopo. Katika minofu ya samaki mkubwa alaye wenzake ni zaidi ya asilimia 90. Iko pia njia inayopita kwenye majani: jani la mkoko huanguka, kuvu na bakteria hulivamia, kaa wadogo hulivuta shimoni na kulila, kaa koko huwala kaa wadogo, na korongo huja kumalizia maji yanapokupwa.

Hapa ndipo mazungumzo yetu mengi kuhusu sumu za baharini yanapopotoka, kwa sababu watu husema metali nzito kana kwamba zote ni kitu kimoja chenye mwendo mmoja. Risasi haipandi ngazi kama zebaki. Mwili huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa na magamba, na mlaji wa minofu haipati kwa wingi, ndiyo maana papa kwa kawaida hana risasi kumpita chaza. Mwenye risasi na kadimiamu ni yule aliye chini kabisa, anayechuja maji ya tope mchana na usiku: chaza aliyeganda kwenye mzizi wa mkoko, na kome. Kadimiamu hujikusanya pia katika ini la pweza na la ngisi, na katika ile nyama ya kahawia iliyo ndani ya gamba la kaa, ambayo baadhi yetu tunaipenda kuliko nyama ya magando. Ikishaingia katika figo za binadamu, huchukua miaka 10 hadi 30 kabla nusu yake kutoka.

Aseniki nayo ina habari yake, na ni muhimu ieleweke kabla hofu haijatangulia. Samaki na kamba wa baharini kwa kawaida huwa na aseniki nyingi, lakini sehemu kubwa ni ile iliyofungamana na kaboni, iitwayo asenobetaini, ambayo hutoka na mkojo na haihesabiwi kuwa sumu. Mpimaji akitangaza jumla ya aseniki bila kuzitenga aina zake, atawafukuza wanunuzi sokoni bila sababu, na hasara hiyo itamwangukia mvuvi.

Niseme sasa juu ya papa, kwa maana ndiye aliyenifanya niandike. Nilikuwa bandani nikisubiri kukatiwa kitoweo, na mbele yangu alikuwapo jirani yangu, mja mzito, akichagua papa mkavu. Papa mwenyewe alikuwa wa kuvutia, minofu minene iliyotandazwa ikiwa imeganda chumvi. Akanigeukia akasema, “Mwalimu, kliniki nimeambiwa nile samaki. Papa naye si samaki?” Nikamjibu, “Ni samaki, mwanangu, ila kwa sasa chukua tafi.” Muuzaji alinitazama kwa mshangao, na alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza tofauti ya hao wawili, na kwenye ubao wa banda lile kuna bei na tangazo la leseni, hakuna neno lolote juu ya jambo hili.

Tofauti yenyewe inaweza kuonyeshwa kwa hesabu fupi. Mwaka 2003 kamati ya pamoja ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula, FAO, na ya afya, WHO, iliweka kiwango cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa juma, kwa nia ya kumlinda mtoto ambaye hajazaliwa. Mama mwenye uzito wa kilo 60, basi, ana nafasi ya mikrogramu 96 kwa juma. Tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, iliruhusu mwaka 2018 papa awe na hadi miligramu 1.6 kwa kilo, na jodari 1.2. Papa aliyefikia kiwango hicho, naye bado ni halali sokoni, huimaliza nafasi ya juma zima ya mama huyo kwa gramu 60 tu za nyama, kipande ambacho wengi wetu tungekiona ni cha kuonjea mchuzi. Samaki mwenye miligramu 0.1 kwa kilo angemruhusu ale karibu kilo nzima kabla ya kufika hapo. Sisemi kwamba kila papa anayeuzwa Malindi amefikia kiwango hicho. Papa mchanga hawezi kulinganishwa na papa mzee, na ndiyo sababu ninataka wapimwe.

Wapo wanaoamini kwamba kumtia papa chumvi, kumwanika, kumloweka au kumwaga maji ya kwanza kunaondoa madhara. Kunaondoa chumvi na harufu. Zebaki imeshikamana na protini ya nyama yenyewe, kwa hiyo haitoki kwa maji ya moto, wala kwa ndimu, wala kwa ukwaju. Kumkausha huongeza tatizo, kwa kuwa kinachopotea ni maji, na gramu moja ya papa mkavu huwa na zebaki nyingi kuliko gramu moja ya papa mbichi.

Zebaki ya methili huvuka kondo la nyuma na kuingia katika ubongo unaojengwa, na hapo huharibu kazi ambayo hairudiwi. Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa huko Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki ghubani kwa miongo kadhaa. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968, na waliothibitishwa kuwa wagonjwa ni zaidi ya watu 2,200, wakiwamo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa na mama walioonekana wazima. Hapa petu hakuna kiwanda cha namna hiyo, na nisingependa jina la Minamata litumike kuwatisha watu wa pwani. Zebaki inayotufikia sisi sehemu yake hutoka mbali sana, kwa kuwa huruka hewani na kuizunguka dunia kabla ya kushuka na mvua. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba shughuli za binadamu ziliingiza hewani takriban tani 2,220 za zebaki katika mwaka 2015, na kwamba chanzo kikubwa zaidi, asilimia 38 hivi, kilikuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, kikifuatwa na uchomaji wa makaa ya mawe. Nyingine tunaitupa wenyewe jaani, ndani ya taa za mirija zilizovunjika na vipimajoto, na baadhi ya akina dada wanajipaka usoni krimu za kujichubua zilizotiwa zebaki, ambayo huoshwa na kuishia kwenye mitaro.

Ndugu zetu wa Lamu wana sababu ya ziada ya kulifuatilia jambo hili. Kaunti yao ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na tope la mikoko hiyo limekuwa likipokea na kuhifadhi metali tangu kabla ya babu zetu. Bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, imehitaji kuchimbwa kwa sakafu ya bahari. Mahakama Kuu hapa Malindi ilikwisha kuamua mwaka 2018 kwamba haki za wakazi zilikiukwa katika mradi huo, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Fidia ile ilihusu maeneo ya uvuvi yaliyoharibika na riziki iliyopotea. Swali la kilichofukuliwa pamoja na tope, na kiumbe gani kilikimeza, linahitaji jibu la maabara.

Kuhusu kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, chenye uwezo wa megawati 1,050, ambacho kibali chake kilifutwa mwezi Juni 2019, mimi ni miongoni mwa walioshukuru. Majivu ya makaa ya mawe hubeba aseniki, zebaki na seleniamu. Seleniamu kwa kiasi kidogo ni kirutubisho, lakini ikizidi hupitia chakula, humfikia samaki jike au ndege, na huingia katika yai, hivyo kizazi huharibika kabla ya kuanguliwa wakati wazazi wangali wanaonekana wazima. Katika Belews Lake, ziwa la Marekani lililokuwa likipokea maji ya majivu kutoka kituo cha umeme katika miaka ya 1970, samaki wa aina 19 kati ya aina 20 walitoweka. Wavuvi wa hapo hawakukuta mizoga mingi inaelea. Walikuta mwaka baada ya mwaka hakuna samaki wadogo.

Kwa hayo yote, ninaziomba serikali za kaunti za Kilifi na Lamu, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi KMFRI, pamoja na mamlaka ya mazingira NEMA, zipime viumbe na tope, na zifanye hivyo kila mwaka mahali pale pale. Marekani imekuwa ikiwatumia chaza na kome kwa kazi hii tangu mwaka 1986, kwa sababu chaza hahami na kilichomo mwilini mwake ni habari ya maji ya mahali pake kwa miezi kadhaa. Chaza wa mikoko ya Mida, wa mdomo wa Sabaki na wa ghuba ya Manda wangetueleza juu ya risasi na kadimiamu. Kwa zebaki wachukuliwe samaki wa ngazi tofauti, tafi, mkizi, kolekole na papa, kila mmoja akiandikwa urefu wake, na minofu ipimwe mbali na ini. Aseniki itengwe aina zake. Vikundi vya BMU vinavyosimamia fuo tayari huandika samaki wanaoshushwa, kwa hiyo sampuli zinaweza kupatikana bila kuajiri mashua. Akina mama watakaokubali wenyewe kliniki wanaweza kutoa nywele chache, kwa maana unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na hubaki na kumbukumbu ya zebaki ya kila mwezi.

Matokeo yabandikwe bandani na kliniki kwa Kiswahili, kwa majina ya samaki tunayoyatumia sisi, maana Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na mkataba wenyewe ulianza kutumika mwaka 2017, hivyo hatuombi jambo geni.

Wakati tukisubiri, nisingependa mtu yeyote aliyesoma barua hii aache kula samaki. Samaki ana protini na mafuta ambayo ubongo wa mtoto unayahitaji, na hasara ya kumkosa ni kubwa. Mama mja mzito, anayenyonyesha au anayetarajia kushika mimba apendelee tafi, pono, mkizi na dagaa, amwache papa na jodari mkubwa, na ikiwezekana aanze miezi kadhaa mapema, kwa kuwa nusu ya zebaki ya methili iliyomo mwilini huchukua siku 50 hivi kutoka. Wauguzi wa kliniki zetu wanaweza kuanza kulisema hili kesho bila kusubiri kipimo chochote. Wapimaji nao wachukue sampuli mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kaskazi na mwishoni mwa kusi, ili tope la Sabaki lipimwe likiwa limelala upande wa mjini na likiwa limelala upande wa Mambrui.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Shella, Malindi